Hesabu ya Miti na Hesabu ya Maji

Ibara ya 69 ya Katiba ya Kenya inaitaka serikali ihakikishe kwamba angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi imefunikwa na miti. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilipata asilimia 12.13. Kwa kipimo hicho sharti limetimia na ziada imebaki, na kwa kujiamini huko likaja lengo jingine: asilimia 30 kufikia mwaka 2032, kwa kupanda miche bilioni 15. Tathmini hiyohiyo, hata hivyo, ilikuwa na tarakimu ya pili ambayo haikupigiwa baragumu. Misitu yenyewe, tofauti na miti kwa jumla, ilikuwa asilimia 8.83.

Pengo baina ya tarakimu hizo mbili si la watakwimu peke yao. Katika hesabu ya kwanza, mikaratusi iliyopandwa kwenye mpaka wa shamba la viazi kule Molo huhesabiwa sawa, mita kwa mita, na mti wa podo wa karne mbili uliosimama juu ya chemchemi. Nchi inaweza kuupoteza ule wa pili, ikapanda ile ya kwanza maradufu, na ripoti ikaandika kwamba imepiga hatua. Ili kuona kinachofichwa na hesabu ya namna hiyo, mahali pa kutazama ni Mau. Huko kupanda na kufyeka kumekwenda sambamba, na athari zake zinaweza kufuatwa kuteremka, mto kwa mto, hadi mjini Nakuru.

Mau si msitu mmoja. Ni vipande 22 vyenye jumla ya zaidi ya hektari 400,000 kwenye miinuko ya magharibi ya Bonde la Ufa, na hakuna msitu asilia wa milimani ulio mkubwa zaidi katika Afrika Mashariki. Vipande 21 ni misitu ya serikali. Cha 22, Maasai Mau, kiko chini ya Kaunti ya Narok. Mito yake huelekea kila upande: Sondu, Nyando na Mara hadi Ziwa Victoria, Molo hadi Baringo, Ewaso Ng'iro Kusini hadi Ziwa Natron nchini Tanzania, na Njoro, Makalia na Nderit hadi Ziwa Nakuru. Ramani hiyo ina maana ya kisiasa ambayo husahaulika haraka. Anayenufaika kwa kufyeka mlimani na anayeumia bondeni mara nyingi hawako katika kaunti moja, na pengine hata nchi moja, kwa hiyo hawapigi kura katika kituo kimoja.

Kwanza tuuangalie mwenendo wa maji, kwa kuwa hapa ndipo watetezi wengi wa misitu huteleza. Husemwa kwamba msitu huleta maji. Kauli hiyo si sahihi kama inavyosemwa. Mti hunywa. Hektari moja ya msitu hurudisha angani maji mengi kuliko hektari moja ya mahindi, na mara nyingi msitu ukifyekwa jumla ya maji yanayopita mtoni kwa mwaka huongezeka badala ya kupungua. Anayeitetea Mau kwa kudai kinyume atashindwa na mpimaji wa kwanza atakayefika na vifaa vyake.

Kinachobadilika ni wakati. Msituni, tone la mvua huvunjwa na majani, likaangukia tabaka la majani yaliyooza, kisha likazama katika udongo wa majivu ya volkano ambao mizizi na wadudu wameutoboa kwa muda usiohesabika. Udongo huo huyapokea maji ya masika na kuyaachilia kidogo kidogo hadi kiangazi cha Januari na Februari. Ardhi ikilimwa mwaka baada ya mwaka na kukanyagwa na mifugo, vitundu hivyo huziba. Mvua ileile hukimbia juu ya ardhi na kufika mtoni kwa saa chache, ikiwa imebeba udongo wa shamba. Ndivyo mto unavyoweza kupitisha maji mengi zaidi kwa mwaka na bado ukakauka mapema zaidi. Mafuriko na ukame, ambavyo katika hotuba huzungumzwa kama majanga mawili yanayohitaji kamati mbili, hutoka katika badiliko moja la udongo.

Upimaji unaunga mkono maelezo haya. Watafiti waliolinganisha mabonde madogo matatu katika chanzo cha Sondu, moja la msitu asilia, jingine la mashamba makubwa ya chai na la tatu la mashamba madogo ya wakulima, walikuta kwamba tope lililotoka katika bonde la mashamba madogo kwa kila kilomita ya mraba lilikuwa takriban mara 6 ya lile la msituni. Bonde la chai lilikuwa katikati. Upande wa mashariki, Mto Njoro, unaopita karibu na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Egerton, ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Sasa katika sehemu zake za chini ni mto wa msimu.

Ni nani basi aliyefyeka? Jibu la haraka, lile la mtu mwenye panga na gunia la makaa, lina ukweli kiasi tu. Jopokazi lililoundwa mwaka 2008 chini ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Raila Odinga, liliripoti mwaka uliofuata kwamba Mau ilikuwa imepoteza takriban hektari 107,000 katika miongo miwili, yaani karibu robo yake. Zaidi ya hektari 61,000 kati ya hizo hazikuibwa usiku. Zilimegwa mwaka 2001 kwa notisi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mau Mashariki, upande unaoulisha Mto Njoro, ulipoteza zaidi ya hektari 35,000, zaidi ya nusu ya eneo lake. Mau Kusini Magharibi ulipoteza zaidi ya 22,000. Mchoma makaa angehitaji vizazi kadhaa kufikia kiwango hicho, tena bila kupumzika.

Notisi hizo zenyewe zilikuja mwishoni mwa shughuli. Ugawaji ulikuwa umeanza katikati ya miaka ya 1990 katika maeneo kama Nessuit na Mariashoni, kwa maelezo kwamba ardhi ilikuwa ya kuwapa makao Waogiek, jamii ya msituni, na watu waliofukuzwa kwao na ghasia za kikabila. Orodha za waliopewa zilipoanza kujulikana, zilikuwa na majina mengi ya watu wasio wa kundi lolote kati ya hayo mawili, wakiwamo wenye vyeo na ushawishi. Tume ya Ndung'u iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma iliandika mengi kuhusu jambo hili mwaka 2004 na kupendekeza hati za namna hiyo zifutwe. Mpangilio wa matukio ndio wa kuzingatiwa hapa: kitendo kilitangulia, karatasi ikafuata ili kukihalalisha.

Mpangilio huo ukishajulikana na watu, hufanya kazi wenyewe. Anayengoja kugawiwa hana cha kumwonyesha mpimaji isipokuwa shamba. Msitu uliosimama hautaji mwenyewe, ilhali ardhi iliyofyekwa, yenye nyumba, ua na matuta ya viazi, humtaja. Kwa hiyo tetesi ya ugawaji hufyeka msitu kabla ugawaji haujafika. Tetesi ya kufurushwa nayo hufyeka, maana anayetarajia kuondolewa ana kila sababu ya kuwa na kitu kinachoweza kuhesabiwa siku ya fidia. Kila tamko la serikali kuhusu Mau, la kutoa au la kurudisha, lina bei yake ya miti kabla halijatekelezwa.

Mwaka 2009 urejeshaji ulipoanza Mau Kusini Magharibi, ulipangwa kwa awamu. Awamu za mwanzo ziliwahusu wasio na hati; wenye hati walipangiwa awamu za baadaye. Wasio na hati waliondolewa, familia zikapiga kambi za maturubai kando ya msitu wakati wa mvua za Novemba. Zamu ya wenye hati ilipokaribia, shughuli ikasimama. Kwa mtazamaji makini somo lilikuwa wazi, na halikuwa lile la kuhifadhi misitu. Kosa lilikuwa kufyeka bila kupata karatasi kwa wakati.

Katika utaratibu huu kuna mtu mmoja ambaye hushindwa kila mara, naye ni yule anayeutumia msitu bila kuufyeka. Riziki ya Waogiek kwa desturi ilikuwa asali na mawindo. Mizinga ya magogo hutundikwa mitini katika miinuko tofauti, na familia ilifuata maua yanavyochanua, kutoka msitu wa chini hadi ukanda wa mianzi. Matumizi ya namna hiyo hayaachi alama ambayo ramani inaweza kuisoma. Tume ya Ardhi ya Carter, katika miaka ya 1930, ilipendekeza jamii za msituni kama Waogiek, ilizoziita Wadorobo, zihamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa. Kwa macho ya tume hiyo hawakuwa na ardhi, kwa kuwa hawakuwa na mashamba.

Miaka 70 hivi baadaye, Machi 2000, Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kesi ya Waogiek wa Tinet waliokuwa wakipinga kuondolewa. Walishindwa. Mojawapo ya hoja za uamuzi ilikuwa kwamba hawaishi tena maisha ya kale ya kutegemea msitu: wamejenga, wanalima, wanafuga. Hukumu hizo mbili zikiwekwa pamoja, ya Carter na ya mwaka 2000, hakuna nafasi inayobaki. Asiyelima hana ardhi. Anayelima si mtu wa msitu tena.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilifikia uamuzi tofauti tarehe 26 Mei 2017. Ilisema Kenya imevunja haki za Waogiek, na juu ya uharibifu wa msitu ilikataa hoja ya serikali: chanzo kikuu kilikuwa uvamizi wa makundi mengine, umegaji uliofanywa na serikali yenyewe na leseni za ukataji zisizofikiriwa vyema. Juni 2022 iliagiza fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 pamoja na kutambuliwa kwa ardhi yao. Novemba 2023, mamia ya Waogiek waliondolewa Sasimwani, upande wa Narok, na nyumba zao kubomolewa, kwa sababu ya kulinda msitu.

Sensa nayo ina la kusema, ingawa lapasa kusomwa kwa hadhari. Mwaka 2009 waliojiandikisha kuwa Waogiek walikuwa 78,691. Mwaka 2019 walikuwa 52,596. Si lazima watu 26,000 wawe wamekufa au kuhama. Kabila katika sensa ni jibu analotoa mtu, na jibu hubadilika kadiri faida na hasara ya kulitoa zinavyobadilika. Hilo halipunguzi uzito wa tarakimu. Jamii ambayo riziki yake ilitegemea msitu kusimama inazidi kuwa ndogo, au inaona heri isijitaje.

Wapo wengine wanaoutegemea msitu, na ni wengi mno kuliko Waogiek. Mwaka 1999 iliyokuwa Wilaya ya Nakuru ilikuwa na watu 1,187,039. Mwaka 2019 kaunti ilikuwa na 2,162,202. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inapika kwa kuni na makaa. Katika muda huohuo pareto, zao lililokuwa likiwapa wakulima wa Molo na Elburgon fedha za mwaka mzima, liliporomoka baada ya wakulima kukaa bila malipo. Viazi na mahindi vilichukua nafasi yake, mazao yanayotaka udongo upinduliwe kila msimu. Kiasi gani cha shinikizo msituni kilitokana na pareto hakijapimwa vizuri, lakini mwelekeo wake haufichiki: mkulima aliyepoteza kipato kwenye ekari mbili alitafuta ya tatu, na ya tatu ilikuwa ng'ambo ya ua wa msitu.

Jibu la serikali kwa watu hawa limekuwa mfumo wa shamba, ambao kwa jina la kiofisi la sasa huitwa PELIS. Shirika la Huduma za Misitu (KFS) humpa mkulima kipande cha msitu wa kupandwa uliovunwa. Analipia kidogo, anapanda mahindi au viazi katikati ya miche ya saiprasi au misonobari, anaipalilia miche huku akipalilia chake, na baada ya miaka mitatu hivi, miche inapoanza kutia kivuli, anaondoka. Mfumo huu umepigwa marufuku na kurudishwa mara kadhaa tangu miaka ya 1980. Septemba 2022 kauli ya Naibu Rais wa wakati huo kwamba utarudishwa ilizua mjadala upya. Wanaoupinga husema wakulima hawaaminiki. Wanaoutetea husema miche hukua. Pande zote mbili zinazungumzia tabia, na tatizo liko katika mkataba. Mkulima hulipwa kwa chakula mradi miche ni mifupi, na siku ambayo kazi yake imefaulu ndiyo siku anayopoteza shamba. Miche ikifa akaongezewa msimu, kufa kwa miche kumemlipa. Huhitaji kuwafikiria wakulima vibaya ili kutabiri kitakachotokea katika mkataba wa namna hiyo. Inatosha kuwafikiria kuwa wanajua hesabu.

Tena mfumo huo hauhusu msitu asilia hata kidogo. Unahusu mashamba ya miti ya mbao ambayo serikali ya kikoloni iliyaanzisha mahali palipokuwa na msitu asilia, na ambayo yamezungukwa na mabaki yake. Mkulima aliye na kibali cha kuingia kwenye shamba la saiprasi hupita kila siku kando ya mierezi na podo, na anayekagua kibali hakagui anachotoka nacho.

Marufuku za ukataji miti nazo zina historia yake. Ile ya mwaka 1999 ilizisamehe kampuni chache kubwa za mbao na karatasi, ikawazuia wenye mashine ndogo. Ile ya Februari 2018 ilidumu miaka mitano. Viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo vilinyamaza, bei ya makaa ikapanda, na miti iliyopandwa kwa ajili ya kuvunwa ikapitisha umri wake. Kupanda kwa bei ndiko kunakopaswa kutisha zaidi, kwa kuwa mahitaji ya mbao na makaa hayakupigwa marufuku. Kila shilingi iliyoongezeka kwenye gunia iliongeza malipo ya anayethubutu kuingia msitu asilia usiku. Julai 2023, akiwa Molo, Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani, na utekelezaji ukazuiwa kwa muda. Umegaji wa mwaka 2001 haukuguswa na marufuku hizo. Kilichokwisha kuwa shamba kilibaki shamba.

Kuna mahali ambapo mwenendo ulibadilika. Msitu wa Eburu, wa hektari 8,700 hivi juu ya Ziwa Naivasha, ulizungushiwa uzio wa umeme wa zaidi ya kilomita 40 uliokamilika mwaka 2014. Wanyama hawaingii mashambani, mifugo haiingii msituni, na malango yanajulikana. Uzio ulifaulu hasa kwa sababu ulifunga tetesi: mpaka haukuwa tena jambo la kubishaniwa. Lakini Eburu ni kama asilimia 2 tu ya Mau, na mpaka wake haukuwa na maelfu ya wenye hati ndani yake. Kuuchukua mfano huo na kuupeleka Mau Mashariki bila kwanza kuamua hati za 2001 ni kuweka waya juu ya mgogoro. Waya utamzuia mwenye mzinga na utampita mwenye hati.

Athari zinaishia mahali ambapo kila mtu anaweza kuziona, yaani Ziwa Nakuru, na hapo pia hoja rahisi haitoshi. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikaribia kukauka kabisa, na wengi wakahitimisha kwamba kufyekwa kwa Mau ndiko kulikoliua. Kisha kuanzia mwaka 2010 hivi likapanda: kutoka takriban kilomita 40 za mraba hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani la hifadhi lilizama, familia za Mwariki na Baruti zikahama, na flamingo, ambao wanakula mwani wa maji ya magadi, waliondoka wengi kwa kuwa maji mapya yaliyapunguza magadi. Maziwa mengine ya Bonde la Ufa yalipanda pia, mengine yakiwa mbali na Mau, kwa hiyo chanzo kikuu hakina budi kuwa mvua. Mau peke yake haielezi.

Inachoeleza ni jinsi mvua hiyo ilivyofika. Ziwa Nakuru halina njia ya kutokea. Kila punje ya udongo iliyosombwa kutoka Nessuit hukaa humo, na kila inapokaa, maji yaleyale huhitaji eneo pana zaidi. Bonde lililopoteza udongo wake wa kuhifadhi hupeleka mvua kubwa ziwani kwa mkupuo, na katika miaka ya ukame halina akiba ya kupeleka. Kati ya kukaribia kukauka na kuzamisha lango kulipita chini ya miaka 20.

Jiji la Nakuru, lililopewa hadhi hiyo Desemba 2021, linategemea kwa kiasi kikubwa maji ya visima yenye madini mengi ya floridi, na wakazi wengi waliokulia huko hubeba ushahidi wake menoni. Suluhisho lililobuniwa ni Bwawa la Itare, Kuresoi, lililokusudiwa kuyapeleka maji ya Mau Kusini Magharibi hadi jijini kupitia Molo, Njoro na Rongai. Ujenzi ulianza mwaka 2017 na kukwama mwaka uliofuata, mkandarasi alipoingia katika matatizo ya kifedha huko kwao Italia. Kila mara mazungumzo ya kuufufua yanapoanza, huwa juu ya mabilioni na mikataba. Lakini ukubwa wa bwawa hukadiriwa kwa rekodi za mto za miaka iliyopita, na rekodi hizo ni za mto uliokuwa na msitu wa wakati huo juu yake. Mto unaofurika Aprili na kupungua sana Februari unahitaji bwawa kubwa zaidi kutoa maji yaleyale, nalo hujaa tope haraka zaidi. Mlimani, juu ya eneo la bwawa, zipo hektari zilizomegwa 2001, na wenye hati wake hawajafikiwa na awamu yao.